Pat Cummins: mechi moja, kisha miaka mitano ya kusubiri

Novemba 2011 Australia waliingia Johannesburg kucheza kriketi wakiwa na aibu usoni. Siku chache kabla, huko Cape Town, Afrika Kusini ilikuwa imewatoa wote kwa mikimbio (pointi) 47 tu na mechi ya siku tano ikaisha siku ya tatu. Juu ya hayo Ryan Harris, mrushaji wao wa kasi aliyekuwa moto wakati huo, akaumia nyonga. Nafasi yake akapewa kijana wa Penrith, magharibi mwa Sydney, aliyekuwa amecheza mechi tatu tu za daraja la kwanza, yaani mechi ndefu za ngazi ya juu, maishani mwake. Alikuwa na miaka 18 na siku 193. Katika historia nzima ya Test (mechi za siku tano za mataifa) ya Australia, mtu mmoja tu ndiye aliyewahi kuanza akiwa mdogo kuliko yeye: Ian Craig, mwaka 1953, akiwa na miaka 17.

Jina lake Patrick Cummins. Kidole chake cha kati cha mkono wa kulia ni kifupi kidogo, kwa sababu utotoni dada yake alifunga mlango kidole kikiwa katikati, ncha ikakatika. Mkono huo huo ndio anaorushia mpira. Kwa mrushaji wa kasi, kidole cha kati na cha shahada ndivyo vinavyoushika mshono wa mpira dakika ya mwisho kabla haujatoka, na wengine wangesema mtoto huyo aende akacheze mchezo mwingine. Hakwenda.

Katika awamu ya pili ya Afrika Kusini pale uwanja wa Wanderers alirusha ova 29 (ova moja ni mipira 6) na kuondoka na wiketi 6 kwa mikimbio 79, yaani aliwatoa wapigaji sita huku mipira yake ikipatiwa mikimbio 79 tu. Jacques Kallis na AB de Villiers, wapigaji ambao warushaji wazima walikuwa wakiwakosea usingizi, wote walikuwamo kwenye orodha yake. Kisha Australia wakiwa wanafukuzia mikimbio 310, wiketi zimebaki mbili, akaingia kupiga. Akafikisha mikimbio 13 bila kutolewa, na mpira wa mwisho aliupiga hadi mpakani, Australia wakashinda. Tuzo ya mchezaji bora wa mechi ikawa yake. Ukitafuta mchezaji aliyefunga goli la ushindi fainali akitokea timu ya vijana, umekaribia kupata picha, ingawa soka haina kitu kinachofanana sawasawa na kurusha mpira siku tano.

Mechi yake ya pili ya Test aliicheza Machi 2017.

Hapo ndipo kisa kinapoanza. Wengi wanaolisimulia jina la Cummins leo wanaanzia kwenye unahodha wake na makombe ya 2023, halafu miaka ya katikati wanaipita kwa sentensi moja: "aliumia-umia kidogo." Miaka mitano na karibu miezi minne si kidogo. Kwa mrushaji wa kasi huo ni muda ambao wengine wanaanza kazi na kuimaliza.

Turudi nyuma miezi minane kabla ya Johannesburg. Machi 2011, mjini Hobart, New South Wales, jimbo lake, walicheza fainali ya Sheffield Shield, ligi ya majimbo ya Australia ya mechi ndefu, dhidi ya Tasmania. Cummins alikuwa bado hajatimiza miaka 18. Katika mechi hiyo moja alirusha ova 65. Zidisha mwenyewe: mipira 390, na kila mpira una mbio zake, mruko wake, na mguu wa mbele unaotua chini kwa kishindo. Tasmania walibeba kombe, kijana akasifiwa kwa moyo wake wa simba, na watu wakarudi nyumbani.

Linganisha na Uingereza. Chama cha kriketi cha huko kimekuwa kwa miaka mingi na mwongozo kwa warushaji wa kasi walio chini ya miaka 19: wasizidi ova 7 mfululizo, wala ova 18 kwa siku. Mwongozo huo unahusu kriketi ya vijana, na Cummins alikuwa akicheza na watu wazima, kwa hiyo hakuna aliyevunja sheria. Ila mwili haujui kwamba umepandishwa daraja.

Na hapa niseme jambo ambalo mara nyingi linaachwa nje ya simulizi hili. Mwaka 2009, miaka miwili kabla ya fainali ile ya Hobart, ulichapishwa utafiti wa warushaji wa kasi wa Australia ukiongozwa na daktari John Orchard. Ulionyesha kwamba mrushaji akizidisha ova 50 katika mechi moja, hatari ya kuumia inapanda, lakini haipandi siku hiyo. Inakuja baadaye, ndani ya wiki tatu hadi nne zinazofuata. Ndiyo maana kocha aliye pembeni ya uwanja hudanganyika kwa nia njema kabisa. Jioni anamuuliza kijana, "Uko sawa?" Kijana anajibu yuko sawa, na kweli yuko sawa. Mfupa haujasema bado.

Kinachotokea ndani ni hiki. Mrushaji wa kasi anapotua mguu wa mbele, ardhi inamrudishia nguvu ya mara tano ya uzito wa mwili wake au zaidi. Wakati huo huo kiwiliwili kinajipinda, kinaegemea upande na kujikunja kwenda mbele, vyote ndani ya sehemu ya sekunde. Mzigo unaangukia pingili za chini za uti wa mgongo, pale kiunoni, na kwa mtu anayerusha kwa mkono wa kulia upande unaoumia zaidi huwa ni wa kushoto. Hakuna siku mfupa unavunjika kwa kelele. Unachoka, unaanza kuvimba kwa ndani, na usipopumzishwa unapata ufa. Mbaya zaidi, mifupa ya eneo hilo inaendelea kukomaa hadi mtu anapokaribia au kupita katikati ya miaka ya ishirini. Kijana wa miaka 18 anaweza kuwa na kasi ya mtu mzima na mgongo ambao ni zege lisilokauka.

Johannesburg alitoka na kisigino kinachouma. Vipimo vikaonyesha mfupa wa mguu umelemewa, na msimu mzima wa nyumbani wa 2011/12, mechi za New Zealand na India ambazo nchi nzima ilikuwa ikimngojea, akautazama akiwa pembeni. Mwaka 2012 alirudi kwa mechi fupi: akaenda Kombe la Dunia la T20 (mechi za ova 20 kwa kila timu) Sri Lanka, kisha akashinda Ligi ya Mabingwa ya T20 na Sydney Sixers huko Afrika Kusini. Aliporejea nyumbani, Novemba, mgongo ukagundulika una tatizo. Msimu ukaisha kabla haujaanza. Agosti 2013, akiwa Afrika Kusini na kikosi cha pili cha Australia, ufa ule ukarudi. Septemba 2015, baada ya ziara ya Uingereza, ukarudi tena.

Kuna mzaha mchungu katika tarehe hizo. Ziara hiyo ya 2015 aliingia kikosini katikati kuchukua nafasi ya Ryan Harris, yule yule wa 2011, ambaye goti lilikuwa limemlazimisha kustaafu. Mara mbili katika miaka minne Cummins alifunguliwa mlango na mwili wa Harris uliogoma, na mara zote mbili mwili wake mwenyewe ukagoma baadaye.

Je, wateuzi walikosea kumchezesha Johannesburg? Hili ndilo swali ambalo watu wa kriketi hawajaacha kubishana, na mimi nina jibu langu: hapana, kosa halikuwa pale. Mechi moja ya Test yenye ova arobaini na kitu haiharibu mgongo uliojengwa polepole. Tatizo ni kwamba hakukuwa na kitu kilichojengwa chini yake. Kijana alitoka kwenye kriketi ya vijana na ya klabu ya Penrith, akarukia ova 65 za Hobart, akapumzika majira ya baridi, akacheza mechi chache fupi Afrika Kusini, halafu akarukia Test. Mzigo ulikuwa milima na mabonde. Wanaofuatilia majeraha ya warushaji wanajua kuwa kuruka ghafla kutoka mzigo mdogo hadi mkubwa kunaumiza kuliko mzigo mkubwa wa kila wiki. Mtu aliyezoea ova 30 kwa wiki, mwaka mzima, yuko salama kuliko yule anayerusha 8 wiki hii na 50 wiki ijayo.

Kwa hiyo lawama, kama ni lazima iwepo, naiweka Machi kuliko Novemba. Na hata hapo naiweka kwa sauti ya chini, kwa sababu nahodha anayetafuta wiketi kwenye fainali humpa mpira anayeonekana kuweza kuzipata. Kazi ya kuhesabu si ya nahodha. Ni ya mtu mwenye daftari, mwenye mamlaka ya kusema "huyu basi" na akasikilizwa.

Sasa tuje kwenye miaka ya kusubiri, maana ndiyo yenye mafunzo kwa yeyote anayelea mrushaji kijana.

Cha kwanza kilichofanyika ni kuubadilisha mtindo wake wa kurusha. Mwaka 2013 alipelekwa kufanya kazi na Dennis Lillee, mrushaji wa kasi wa zamani wa Australia. Chaguo hilo halikuwa la heshima tu kwa mzee wa enzi. Lillee mwenyewe, mwaka 1973 katika ziara ya West Indies, alivunjika pingili za kiunoni na akafungwa hogo la plasta kiwiliwili kizima kwa wiki kadhaa. Wakati huo wengi walimzika kimchezo. Alirudi msimu wa 1974/75, akiwa pamoja na mrushaji mwenzake Jeff Thomson, na Waingereza waliopambana nao msimu huo hawajasahau. Yeye alikuwa amekwisha kupita njia hiyo kwa mwili wake. Kazi yake na Cummins ilikuwa kuunyoosha mwendo: mbio ziende moja kwa moja kuelekea kwa mpigaji, nyonga na mabega vitazame upande mmoja, mwili usiangukie kushoto wakati wa kuachia mpira. Kasi ilibaki. Upotofu wa kiuno ndio ulipunguzwa.

Cha pili kilikuwa kumweka mbali na mechi ndefu. Kati ya 2011 na 2017 Cummins alicheza T20, ambako mrushaji ana ova 4 tu, na mechi za siku moja zenye ova 10. Alikuwa kwenye kikosi kilichotwaa Kombe la Dunia 2015, ingawa fainali hakucheza. Watu wakaanza kumwita mchezaji wa mechi fupi. Wapo waliosema fedha za T20 zimemlewesha, jambo ambalo naliona ni uonevu. Yule kijana hakuwa akikimbia kriketi ndefu. Madaktari ndio walikuwa wamefunga lango. Lakini pia mechi fupi zina mtego wake. Ova 4 hazimwandai mtu kwa ova 25 za siku, na mtu akikaa humo miaka mingi anarudi kule kule kwenye mruko wa ghafla.

Cha tatu, na kwangu ndicho kikubwa, ni mshahara. Cricket Australia, bodi ya kriketi ya nchi hiyo, ina mikataba ya mwaka kwa wachezaji wake wakuu, na Cummins alipewa wa kwanza akiwa hajatimiza hata Test moja. Mwaka 2013, ametoka kukosa msimu mzima, jina lake bado lilikuwa kwenye orodha. Katika kipindi hicho akawa anasoma shahada ya biashara katika Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Sydney, na aliimaliza. Yaani alikuwa na daktari, mtaalamu wa viungo, gwiji wa kumrekebisha mwendo, darasa la kumshughulisha akili, na kodi ya nyumba haikuwa tatizo. Mtu akiambiwa "pumzika miezi minane" akiwa na hayo yote, anaweza kupumzika. Asiye nayo anadanganya kwamba maumivu yamekwisha.

Fikiria kijana mwenye kipaji hicho hicho Nairobi. Kenya si wageni wa kuwatisha wakubwa kwa warushaji: tarehe 29 Februari 1996, mjini Pune, waliwatoa West Indies kwa mikimbio 93, Rajab Ali akichukua wiketi 3 kwa 17, na mwaka 2003 wakafika nusu fainali ya Kombe la Dunia. Mwaka 2014 walipoteza hadhi ya kucheza mechi rasmi za kimataifa za siku moja, na fedha zikafuata mlango huo huo. Mrushaji wa huko akipata ufa wa pingili hana wa kumlipa miezi minane ya kulala chali. Atarudi uwanjani mwezi wa tatu, au ataacha.

Hata West Indies, nchi zenye Test tangu 1928, hawana subira ya Australia, na si kwa kupenda. Mtazame Shamar Joseph wa Baracara, kijiji cha Guyana kinachofikiwa kwa boti. Alikuwa mlinzi kabla ya kriketi kumlipa. Februari 2023 alicheza mechi yake ya kwanza ya daraja la kwanza, na Januari 2024 akamtoa Steve Smith, mpigaji wa Australia, kwa mpira wake wa kwanza kabisa wa Test. Wiki moja baadaye, Brisbane, huku kidole cha mguu kikiwa kimepondwa na mpira wa Mitchell Starc, mrushaji wa kasi wa Australia, alichukua wiketi 7 kwa 68 na West Indies wakashinda kwa mikimbio 8. Ulikuwa ushindi wao wa kwanza wa Test Australia tangu 1997. Ndani ya wiki chache bodi ikampandishia mkataba na timu ya Lucknow ya ligi ya India ikamsajili. Nani angemwambia apumzike? Familia nzima ilikuwa imebadilika ndani ya siku nne. Namtazama kwa furaha na kwa hofu kidogo.

Ila nisije nikaeleza kila kitu kwa mshahara, maana kuna kisa kinachonipinga. James Pattinson alianza Test Desemba 2011, wiki chache tu baada ya Cummins, pamoja na Starc. Alikuwa na miaka 21, mwili umekomaa zaidi. Katika mechi hiyo ya kwanza dhidi ya New Zealand alichukua wiketi 5 kwa 27. Nchi ile ile, bodi ile ile, mikataba ile ile, madaktari wale wale. Mgongo wake ukavunjika ukarudi, ukavunjika ukarudi, hadi akafanyiwa upasuaji. Alistaafu kimataifa Oktoba 2021 akiwa na Test 21 na wiketi 81. Waliomwona walidhani angekuwa bora wa watatu hao. Mfumo mzuri unapunguza uwezekano wa kumpoteza mchezaji, lakini haumwokoi kila mmoja.

Kurudi kwa Cummins kulikuwa na bahati na haraka vilevile. Mwanzoni mwa Machi 2017 alicheza mechi ya Sheffield Shield, ya kwanza tangu ile fainali ya Hobart, na akachukua wiketi 8 dhidi ya South Australia. Mpango ulikuwa wa taratibu. Lakini Starc akavunjika mguu India, na simu ikapigwa. Tarehe 16 Machi, Ranchi, kwenye uwanja mkavu usiompa mrushaji wa kasi chochote, alianza Test ya pili. India walipiga zaidi ya ova 200. Cheteshwar Pujara alisimama kwa mipira 525 na kupata mikimbio 202. Cummins alirusha ova 39 kwenye jua lile, akachukua wiketi 4, Virat Kohli akiwa mmoja wao, aliyedakwa nyuma ya wiketi akiwa na mikimbio 6 tu. KL Rahul, aliyekuwa ametulia kabisa kwenye 67, alitolewa kwa mpira uliomrukia shingoni bila kutarajia. Siku tano baada ya mechi hiyo kwisha alikuwa uwanjani tena Dharamsala.

Ukiisoma karatasi peke yake, huo ni mruko wa ghafla kuliko hata wa 2011. Tofauti ni kwamba alikuwa anakaribia miaka 24, akiwa na mwendo mpya, na mgongo ulikuwa umefunga. Msimu uliofuata alicheza Test zote tano za Ashes, mfululizo wa Australia na Uingereza, na kuongoza kwa wiketi 23. Mwaka 2019, Uingereza, zote tano tena, wiketi 29. Novemba 2021 akawa nahodha, kazi ambayo Australia hawakuwa na mazoea ya kumpa mrushaji wa kasi. Juni 2023 akabeba ubingwa wa dunia wa Test kule The Oval, Novemba Kombe la Dunia mbele ya umati wa Ahmedabad, na Desemba timu ya Hyderabad ya ligi ya India ikamnunua mnadani kwa rupia milioni 205. Juni 2025, Lord's, alichukua wiketi 6 kwa 28 katika fainali ya ubingwa wa dunia wa Test dhidi ya Afrika Kusini na kufikisha wiketi 300 za Test, ingawa kombe lilikwenda kwa wapinzani.

Septemba mwaka huo huo Cricket Australia ikatangaza kwamba vipimo vimeonyesha mfupa wa kiunoni umelemewa tena. Alikuwa na miaka 32, nahodha, na Ashes ilikuwa inaanza Perth mwezi Novemba. Hakukuwa na mabishano marefu ya hadharani safari hii. Steve Smith aliongoza kikosi Perth, Cummins akaonekana kwenye nyavu za mazoezi akirusha ova chache kwa hesabu, na watu wa daftari ndio waliokuwa na neno la mwisho.